Nafasi ya Makofi

Malangali, Sumbawanga
Jumapili, 6 Februari 2005

Kasmir,

Wewe njia ya huku bado unaijua? Mbeya siyo Ulaya. Basi linatoka huko asubuhi, jioni watu wanateremka hapa na vumbi lao, nawatazama mmoja mmoja, wewe humo. Krismasi mbili sasa. Kwenye misa ya mwaka ya mama yako tulikuwekea kiti, mwisho akakikalia mtu aliyekuja kwa ajili ya pilau. Ungekuwa mume wa ndoa ningeshakurudisha kwenu. Bahati yako wewe ni mjukuu, mume wa utani, nyie hamna pa kurudishwa.

Anayeandika ni Atusaye, yule dada wa Kinyakyusa wa halmashauri aliyepanga chumba changu cha uani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee. Alianza na "natumaini u mzima wa afya," nikamwambia futa. Mimi situmaini, mimi nauliza. U mzima?

Sasa sikiliza. Mzigo wako nimeupata. Redio ni nzuri, inang'aa, na huo mdomo wake wa kumeza CD umeleta majirani wote sebuleni. Mungu akuzidishie. Lakini mama yako umemfanya nini?

Kanda yake nilikutumia mwenyewe, kwa mkono wa Romani, konda wa basi, nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Redio ya zamani ilikuwa imeanza kuitafuna. Ukasema pale steshenari mnapochapa barua za watu kuna kompyuta inayotoa sauti kwenye kanda na kuiweka kwenye CD, haizeeki tena. Haya. Nimewasha. Sauti ni yake, mwanangu namjua hata akikohoa. Lakini ananisalimia kama mtu anayefukuzwa na mbwa! Mama umeamkaje nyumba imeamkaje shamba limeamkaje mguu unaendeleaje, hapumui. Halafu anaaga, kaondoka. Nimebaki nimefungua mdomo kama kifaranga.

Mwanangu Redempta hakuwa hivyo. Redempta alikuwa akisalimu, anangoja.

Nirudishie kanda yangu. Mpe Romani, yeye haniibii. Na mama yako mkubwa Debora asijue kwamba imetoka nyumbani. Alinikataza. Akija kutoka Laela nitamwambia redio mbovu.

Bibi yako, Albina
(Hilo dole gumba ni langu. Atusaye alitaka kuniwekea sahihi, nimekataa.)


Mbeya
20 Februari 2005

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndizo zinabana. Nisamehe kwa Krismasi. Nisamehe na kwa ile misa. Sina la kujitetea, naomba tu usinitaje sana mbele ya watu.

Kuhusu CD, kosa siyo la Mama wala la redio. Ni programu. Programu ni ile akili ya ndani ya kompyuta, unayoiambia fanya hiki, inafanya. Hapa dukani ya kunyonya sauti kutoka kwenye kanda tunayo moja tu, nayo ni ya majaribio. Wenye nayo wanakuonjesha, ukitaka yote ununue kwa kadi ya benki ambayo Mbeya nzima sijui anayo nani. Sasa hiyo ya kuonjesha ina kisanduku kimoja kimewekwa alama ya vema: ondoa ukimya. Nikikibonyeza kufuta hiyo alama, hakibonyezeki. Kila mahali Mama aliponyamaza, imeona kanda tupu, imefagia. Ilidhani inatusaidia. Kusema kweli, hata mimi nilidhani hivyo.

Na kuna jambo lingine linanikera. Nikiicheza kwenye kompyuta, inataka jina la msanii. Mara ya kwanza sikuandika kitu, nikarudi nikakuta imemweka Mama kwenye kundi la wasanii wasiojulikana, katikati ya kwaya fulani na mtu anayepiga filimbi. Nimemtoa, nikaandika jina lake. Kesho yake nikamkuta amerudishwa.

Nitatafuta programu nyingine nirekodi upya, safari hii na ukimya wake. Kanda usiwe na wasiwasi, ipo salama, imefungiwa kabatini dukani.

Msalimie Dada Atusaye.

Mjukuu wako,
Kasmir


Malangali
Jumapili, 13 Machi 2005

Mume wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Hiyo kompyuta yenu haina mkubwa? Chombo gani kinamkatalia mwenyewe?

Lakini siwezi kukusuta sana, maana naona hata wewe hujui kilichofagiwa. Umekulia Tabora kazini kwa mama yako, ukaja Mbeya. Nyie shikamoo, marahaba, mmemaliza, mnadaiana vocha. Mfipa hasalimii hivyo. Anainama, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili visilie sana. Anauliza neno moja. Halafu ananyamaza. Anayesalimiwa naye anapiga makofi, anajibu, anarudisha. Ndipo linakuja la pili. Hata kuondoka mtu haondoki tu. Anaomba njia, anangoja apewe. Ukiondoka kabla ya kupewa njia, umeondoka kama mwizi.

Sasa mama yako akifanya kazi zahanati kule Tabora, na mimi kusoma sijui, alinunua kanda moja. Alikuwa anaijaza maneno, anaipandisha treni mpaka kwa mtu wa Mpanda, inanifikia. Nikishashiba kuisikiliza namrudishia hiyo hiyo, anarekodi mapya juu yake. Redio yangu ilikuwa ya kusikiliza tu, haikuwa na kitufe cha kurekodi, basi alijua sitaweza kumjibu. Ndiyo maana aliacha nafasi. Anauliza, "Mama, umeamkaje?" Makofi yake unayasikia. Halafu kimya, hapo mimi jikoni nimeweka chini mwiko, napiga makofi yangu, namjibu. Nikimaliza tu, anaendelea. Alikuwa ananipima hakosei! Anajua nikiulizwa habari za mguu nachelewa. Anajua nikiulizwa ng'ombe wa jirani nachelewa zaidi. Na kwenye wimbo wa kusaga ulezi anaanza yeye, ananiachia mstari wangu.

Maneno yaliyokuwa humo ndiyo ya mwisho. Baada yake alirudi mwenyewe, kwa jeneza.

Ukimya huo ndio chombo chako kiliouita tupu.

Basi nirudishie, hata ikitafunwa. Afadhali itafunwe mkononi mwangu. Romani anapita Jumatano na Jumamosi. Debora amekuja, ameuliza, nimemwambia redio mbovu, na huku redio mpya inamtazama. Nimeifunika kanga.

Bibi yako, Albina

*Kasmir, hapa naongeza mwenyewe, Bibi hajui. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anawasha kanda na kujibu, mimi uani nasikia makofi. Nilidhani ana mgeni. Nilivyohamia nilikuwa nachungulia nijue mgeni ni nani. Tangu hiyo CD ije, amekuwa akiwasha kila Jumapili, anaanza makofi, sauti inampita, anabaki na mikono hewani. Jumapili ya leo hakuwasha kabisa. Mtumie kanda, tafadhali. Atusaye.*


Mbeya
3 Aprili 2005

Bibi,

Shikamoo. Romani anakuletea CD nyingine. Kanda itafuata. Mzee Mbonile, mwenye duka, amesafiri kwenda Kyela na ufunguo wa kabati.

Bibi, nimehangaika. Nakuandikia ujue sikukaa bure. Ile programu ya kwanza nimeshakwambia. Ya pili ni hii iliyokuja na kompyuta yenyewe, ya kuchezea muziki, kila mtu anayo. Haifagii, lakini nafasi kati ya kipande na kipande inakupa mbili tu za kuchagua: sekunde mbili au hakuna kabisa. Ya tatu aliniletea mteja kutoka Dar. Nzuri kuliko zote, ina vitufe kama chumba cha rubani, lakini inacheza tu, kuandika kwenye CD haiandiki, na ilikaa wiki mbili ikajifunga yenyewe. Ya nne ilileta virusi, tukaandika barua za watu kwa mkono siku nzima. Nimemuuliza kila fundi hapa Mwanjelwa. Wote wananiambia, mshikaji, si usikilize tu hivyo hivyo?

Basi nikachukua sauti ya Mama nikaikata vipande, kila swali kipande chake, nikaweka zile sekunde mbili katikati. Najua ni chache. Ndizo zilizokuwepo.

Vipande nimeviandika majina ili nisichanganye: Salamu, Mguu, Shamba, Kuaga, na mengine. Natumaini safari hii atakungoja.

Kasmir


Malangali
17 Aprili 2005

Kasmir,

Ameanza kwa kuaga.

Nimewasha, nimekaa, nimekunja viganja. Mwanangu akaniambia anaomba njia. Sijamsalimia! Halafu akauliza mguu, halafu ndipo akanisalimia, halafu shamba, halafu kimya. Atusaye kasoma nyuma ya jalada, anasema chombo kimepanga kwa herufi, K ya kuaga inatangulia S ya salamu. Nikamwambia haya, sasa hata kufa ni kwa herufi.

Na hizo sekunde zako mbili. Atusaye kanihesabia kwa saa yake. Mjukuu wangu, kwa sekunde mbili hata makofi hayajakutana.

Usinitumie CD nyingine. Mbonile anakaa Kyela mpaka lini? Ana mke wa pili huko? Nataka kanda.

Albina


Mbeya
24 Aprili 2005

Dada Atusaye,

Hii nimeiandika jina lako juu ya bahasha kwa sababu sitaki aisikie Bibi. Ukishaisoma ichome.

Kanda haipo. Haijawahi kuwa kabatini. Mzee Mbonile hajasafiri, yupo hapa anakunywa chai.

Ilikuwa Januari. Nilikuwa nimeshaipeleka kwenye kompyuta, nimesikiliza mwanzo kidogo, nimesikia sauti ya Mama, nikaona kazi imekwisha. Tunarekodia madereva na makonda nyimbo za safari, na siku hiyo kanda za kurekodia zilikuwa zimekwisha. Akaja konda ana haraka, gari linapiga honi. Nikachukua ya Mama. Niliwaza, si ipo kwenye CD? Kanda yenyewe ishachoka. Nikaingiza bongo fleva juu yake, upande wa kwanza na wa pili. Sikusita, Dada. Hicho ndicho kinachonitesa, kwamba sikusita hata kidogo. Nilikuwa napiga mluzi.

Tangu hapo kila barua yake inanifanya nitunge uongo mwingine. Programu nimetafuta kweli, hilo siyo uongo, lakini nimetafuta kama mtu anayetafuta shoka alilolitupa mwenyewe mtoni. Hata nikipata bora kuliko zote, ukimya uliofagiwa haujulikani ulikuwa na urefu gani.

Nyumbani nitakuja na uso gani? Nisaidie. Mwambie imepotea kwenye basi.

Kasmir


Sumbawanga
1 Mei 2005

Kasmir,

Sijachoma barua yako na sijamsomea Bibi.

Umenitwisha mzigo usiokuwa wangu. Yule mama ananiamini kwa macho yangu, kwa sababu ya kwake hayasomi. Kila nikimkuta jikoni ananiuliza, "Atu, hakuna barua?" Nimesema hakuna. Sasa nami ni mwongo wa nyumba hii. Kwetu wanasema mimi mlokole!

Siwezi kumwambia imepotea kwenye basi. Njoo umwambie wewe. Na uje kabla hajajua kwingine.

Atusaye


Malangali
Jumapili, 5 Juni 2005

Kasmir,

Nimejua.

Nilikwenda Laela kwa Debora, kumsaidia kuvuna ulezi. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumwambia kanda imetoka mkononi mwangu, maana kumdanganya mwanangu wa kuzaa kulikuwa kunanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikakaa wiki nzima, navuna na kunyamaza. Sikumwambia. Nikarudi na gunia langu na uongo wangu.

Nilipanda basi la Romani. Akanipa kiti cha mbele, kijana mwema yule. Redio inapiga vijana wenu wanaofoka kama wamegombana na ukuta. Mimi nasinzia. Tumepita Mpui, nyimbo zikakatika. Ikakoroma kidogo. Halafu nikasikia makofi.

Namna ile ya viganja vilivyokunjwa. Halafu, "Mama, naomba njia."

Nilifumbua macho. Halafu ukaja ule ukimya wake, Kasmir, mzima, haujafagiwa. Na unajua kilichotokea? Nyuma yangu mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, nadhani aliona ni redio inatoa salamu, akakunja viganja akapiga. Jirani yake akapiga. Basi lote, Wafipa watupu wa kutoka mnadani, wakapiga makofi kwa mtu wasiyemjua, wakamwambia, "Haya mama, njia njema, usalimie huko." Wakacheka kidogo, maana ni jambo la kuchekesha kumpa redio njia.

Mimi sikupiga. Mikono ilikuwa mdomoni. Watu nisiowajua wamempa mwanangu njia, mama yake nipo pale pale nimenyamaza kama gunia. Halafu ikajigeuza upande wa pili, vijana wakaanza kufoka tena.

Nikamuuliza Romani, kanda hii umeitoa wapi? Akasema, "Si Kasmir wako, Bibi, alinirekodia mwezi wa kwanza. Na hako kamama ka mwishoni abiria wanakapenda, kila safari wanakajibu." Kumbe nyimbo zako hazikuijaza kanda, mama yako akabaki mwishoni. Miezi yote hii amebeba barua zangu za kuomba kanda, na kanda yenyewe inaimba juu ya kichwa chake. Akaitoa akanipa, hakuuliza.

Nilipofika nilimuuliza Atusaye, akaanguka kwenye kiti. Kumbe naye alijua. Hapo wino uliposambaa analia yeye. Nimemwambia aandike na hilo, hakuna kuficha tena katika nyumba hii.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuchana. Njia nzima, kutoka Mpui mpaka stendi, nayapanga. Lakini nikakumbuka nimefunika redio kanga ili Debora asiione, mimi na mvi zangu. Na nikajiuliza, huyu mtoto kwa nini hakuniambia? Nikarudia barua zangu kichwani. Kila moja nimeanza kwa kukupiga. Kila ukija nyumbani, kabla hujatua begi, nimeshakuuliza mbona hukuja jana. Mbwa anayepigwa kila akirudi atajifunza kutorudi. Wewe umeifuta kanda, kosa ni lako, silipunguzi. Lakini woga nimekupandia mimi, na nimeumwagilia.

Jana nilikwenda Laela tena, nimemwambia Debora yote. Alinuna. Halafu akaniambia angejua kwamba kuna CD angeshaisikiliza zamani, yeye hata sauti haraka haraka ingemtosha. Na mimi nilikuwa nimeifunika.

Bibi yako, Albina


Mbeya
12 Juni 2005

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika karatasi tatu nikachana.

Ni kweli. Niliifuta mwenyewe kwa mkono wangu, tena siyo kwa bahati mbaya. Niliona imezeeka. Nikakudanganya kuhusu kabati, nikamsingizia Mzee Mbonile safari, nikamwingiza Dada Atusaye. Jumatano moja Romani alikuwa dukani, ile kanda inapiga kwenye gari nje, na mimi nimesimama nampa barua yako ya kwamba imefungiwa. Mpaka leo nikisikia basi linapiga honi natoka jasho.

Jana nimejaribu kitu cha mwisho. Mwenzangu amepata programu inayokuruhusu kuweka ukimya wowote unaotaka, popote. Nilifurahi, nikaingiza sauti ya Mama. Ikaniuliza, sekunde ngapi? Nikaweka kidole juu ya namba, nikabaki hivyo mpaka duka linafungwa. Mguu sekunde ngapi? Shamba sekunde ngapi? Mama alijua. Mimi sijawahi kukaa nikakusikiliza unajibu.

Nikuombe nini, Bibi? Naomba njia ya kuja. Usiponipa nitaelewa.

Kasmir


Malangali
Jumapili, 26 Juni 2005

Mume wangu,

Njia unayo. Ulikuwa nayo siku zote, hukuona tu kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati nabwata.

Sasa sikiliza, Atusaye anaandika taratibu ili usome taratibu.

Hizo namba usiziweke. Acha. Mimi mwenyewe sijui ni ngapi, na kila siku siyo sawa. Juzi mguu ulikuwa mwema, ningejibu upesi. Leo kuna baridi, upepo wa Ufipa umeingia kwenye goti, Redempta angeniuliza leo tungekaa. Mama yako alinipima kwa mama aliyemwacha. Tangu wakati ule nimezeeka, nina mengine ya kumwambia. Hata kanda ingekuwa nzima, nafikiri ingekuwa imeanza kunikatiza. Hilo sikukwambia, maana nilikuwa nafurahia kukukasirikia.

Ile kanda ya Romani ninayo kwenye kitambaa. Siiwashi. Nimeshasikia.

Nimekagua hii redio yako na Atusaye. Ina kitufe chenye vijiti viwili vilivyosimama. Anasema ukikibonyeza, sauti inasimama pale pale ilipo, ukikibonyeza tena inaendelea. Nikajaribu mwenyewe. Siwezi. Nikipiga makofi mikono imekwenda, nikishika kitufe makofi hakuna. Atusaye akajitolea. Nimemkatalia, siyo kwamba namchukia. Hiyo kazi ina mwenyewe.

Kwa hiyo utakuja. Njoo na Romani Jumamosi, Debora naye anakuja, ameshanunua kuku. CD tutaweka ile ya kwanza niliyonayo hapa, ya kukimbizwa na mbwa, siyo ya herufi. Jumapili tukitoka kanisani utakaa kwenye kigoda karibu na redio, na kidole chako kwenye hicho kitufe. Mama yako akiuliza neno moja, simamisha. Mimi nitapiga makofi, nitajibu. Usiniangalie mdomo, angalia mikono. Nikiishusha mapajani, ndipo umwachie aendelee. Mstari wangu wa wimbo wa ulezi utausikia kwa mara ya kwanza, usicheke, sauti imekauka.

Na akifika pale pa kuomba njia, bonyeza uache kidole hapo. Usiwe na haraka. Kwenye basi walimpa watu wengine, mimi bado. Huenda nikakaa. Hata mchana wote ukiisha, hata kuku akipoa, wewe usiachie mpaka nishushe mikono.

Tena ukifika mlangoni, usianze kuniomba msamaha ukiwa umesimama na begi. Weka begi chini. Inama. Kunja viganja, salimu neno moja tu, halafu nyamaza uningoje.

Bibi yako,
Albina